Seedling: neno lililonikaushia nyanya na kunichelewesha parachichi miaka mitatu

Kila siku lazima simu moja iingie, "dada habari, una seedlings?" Mi nina kitalu hapa Njombe, nyuma ya nyumba, parachichi ndo nyingi, kuna misindano (mipaini) kidogo, na mboga kutegemea na msimu. Mtu akiniuliza hivo sijibu kwanza nnazo au sina, namuuliza, seedlings za namna gani? Wengine wanakereka kabisa, wanaona namzungusha mteja, si aseme tu ipo au haipo. Lakini hilo neno limenigharimu mara mbili, na mara ya pili ilikua gharama ya miaka, kwahiyo leo naomba nilieleze kama nilivyolijua mimi, kwa kuumia.

Nilirudi nyumbani 2014 nikitokea Dar, nilikokua nauza dukani. Mwaka uliofuata nikaanza na nyanya, nusu eka bondeni karibu na maji. Nilisia mbegu kwenye tuta kama nilivyoona mama anafanya zamani, nyasi juu, maji asubuhi na jioni, na zikaota vizuri mno mpaka majirani wakawa wanasimama kuangalia. Sasa siku ya kumi na kitu hivi nikaona zinachelewa kukua, nikaenda duka la pembejeo nikanunua busta ya majani, yaani mbolea ya maji ya kupulizia. Kile kichupa kilikua na maandishi madogo kwa Kiingereza, mi Kiingereza changu ni cha sekondari, nasoma nikiwa na uhakika na neno moja moja tu. Pale kwenye tahadhari palikua na mstari unasema usitumie kwa "seedlings". Nikawaza, "seed" najua ni mbegu, basi hii itakua ni mbegu mbegu hivi, kwamba usiloweke mbegu kwenye hii dawa. Mbegu zangu zilishaota zamani, hainihusu. Nikachanganya kipimo kile kile cha mmea mkubwa, nikapiga saa sita mchana jua likiwa kali.

Siku ya pili kingo za majani zimekua kahawia. Siku ya nne tuta lote limekauka kama limepitiwa na moto, na yaliyobaki nikayamwagia maji mengi nikidhani nasafisha dawa, kumbe ndo nakaribisha kinyausi. Kama hujawahi kukiona kinyausi ni hivi, mche unaonekana mzima kabisa jioni, asubuhi unakuta shina limebana pale pale kwenye usawa wa udongo, limekua jembamba kama uzi uliolowa, mche umelala. Ukiunyanyua unalala tena. Ule ugonjwa unapenda udongo uliolowa sana na miche iliyobanana, na mimi nilikua nimetengeneza vyote viwili. Kwenye miche kama elfu nne na kitu nilitoa isiyofika mia tatu.

Kuna mzee mtaani kwetu alikua bwana shamba, kastaafu, sisi wote tunamwita Babu. Nilimpelekea kile kichupa. Nikamwamkia, akavaa miwani, akasoma kimya kimya, akaniuliza, "mjukuu wangu, hapa umesoma nini?" Nikamwambia mbegu. Akatikisa kichwa taratibu, wala hakunicheka, akaniambia, "Bata kwa Kiingereza anaitwaje?" Nikasema "duck". "Na kifaranga cha bata?" Sikua najua. Akasema "duckling". "Sasa 'seed' ni mbegu, na hiyo 'ling' ya mwisho ni utoto, kwahiyo 'seedling' ni mtoto wa mbegu, ni ule mmea mchanga uliotoka kwenye mbegu. Walikua wanakukataza kitu kile kile ulichoenda kukifanya."

Sijawahi kusahau hilo somo la bata. Baadae nilikuja kujua kuna "sapling" pia, "sap" ni utomvu, na wenyewe wanalitumia kwa mti mchanga uliokwisha kunyanyuka, una shina jembamba linalopinda, sio kale ka mche ka kwenye kiriba, kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea. Watu wa misitu huku kwetu wa misindano na milingoti (mikaratusi) wanazitofautisha sana hizo hatua, sisi wengine tukiona cha kijani na ni kidogo tunasema mche tumemaliza.

Babu alinionyesha pia kitu ambacho naona hata wanaolima miaka mingi hawakizingatii, kwamba yale majani mawili ya kwanza ya nyanya, yale marefu membamba, sio majani ya nyanya bado. Yametoka ndani ya mbegu, na chakula chake ni kile mbegu ilichobeba. Jani la kweli ni lile linalokuja baadae lenye meno meno na ukilifikicha linanuka nyanya. Mpaka hapo mmea bado unaishi kwa akiba ya mama yake, mizizi ni kama nywele, ndo maana ukimpa chumvi chumvi za busta kwa kipimo cha mkubwa unamuunguza. Nyanya ukiiacha kitaluni wiki tatu mpaka nne, ikawa na majani ya kweli manne matano, ukapunguza maji siku za mwisho na kuondoa kivuli kidogo kidogo ili ikomae, hapo inahama bila shida. Nilirudia mwaka huo huo nikavuna.

Basi mi nikajiona neno nimelimaliza. Seedling ni mche. Mche ni seedling. Na hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya pili.

2016 watu hapa walishaanza kuchangamkia parachichi za Hass, ile aina ambayo kampuni zinakuja kununua, kila kikao cha kijiji parachichi, kila msiba watu wakikaa nje parachichi. Nilikua na eka moja na nusu juu kule, nikatafuta miche. Kuna mtu, sio wa hapa, alikua anatangaza kwenye magrupu, "Hass avocado seedlings zipo, 1500 tu". Wengine wakati huo walikua wanauza zaidi ya mara mbili ya hapo. Nikampigia, nikauliza vizuri kabisa, "kaka, ni Hass kweli?" Akasema "dada, hizi ni za Hass asilimia mia". Nikachukua 120. Zikaja na fuso usiku, miche mirefu, ya kijani, minyoofu, imependeza kuliko ya jirani yangu ambaye alinunua ya bei, ya kwake ilikua mifupi na kila mmoja una kovu kwenye shina, kama mtu aliyewahi kuvunjika mfupa. Nikamuonea huruma kabisa, nikasema moyoni mama wa watu wamempa miche iliyovunjika.

Tukachimba mashimo, samadi, mita saba kwa saba, matandazo, ile baridi ya Juni na Julai inayoacha barafu nyeupe juu ya majani asubuhi nikawa nafunika mmoja mmoja kwa majani ya ndizi. Yangu ikakua kwa kasi ya ajabu. 2018 ya kwangu ilikua imempita mtu mrefu, ya jirani ilikua kifuani. Halafu hiyo mifupi ikatoa maua. Na 2019 jirani akavuna, sio nyingi, ila kavuna na gari la kampuni limekuja mpaka getini. Yangu haikua na ua hata moja. Majani tu, mazuri, mapana.

Nilimuita Babu. Alizunguka shamba lote na fimbo yake, anainama kila mti anaangalia chini ya shina, mti wa kwanza, wa pili, wa kumi, alipofika wa ishirini akasimama. "Mjukuu wangu, hii haijabebeshwa."

Kubebesha, kwa asiyejua, ni kuunganisha. Unaotesha kokwa la parachichi ya kienyeji, ukishakua mche wenye unene wa penseli unaukata juu, unaupasua, unachukua kikonyo, yaani ncha ya tawi la mti wa Hass unaozaa, unakichonga pande mbili kama kabari, unakiingiza pale kwenye mpasuko, ile ngozi ya kijani iliyo chini ya gamba la huku iguse ya huku, unafunga kwa nailoni mpaka vishikane. Lile kovu nililomuonea jirani huruma ndo lilikua cheti chenyewe. Juu ya kovu ni Hass, chini ya kovu ni kienyeji. Na mti wa namna hiyo miaka miwili mitatu minne unaanza kuzaa, kwa sababu kile kikonyo kimetoka kwenye mti mzima ulioshakomaa, hakina utoto tena. Uliotoka kwenye kokwa inabidi upitie utoto wote, na parachichi utoto wake ni mrefu, miaka mitano, saba, hata kumi na zaidi.

Nilirudi kwenye simu nikatafuta zile meseji za 2016, nilikua nimezihifadhi. Nikasoma upya: "Hass avocado seedlings". Nikakaa chini. Maana kwa watu wa matunda, wale wenye kazi yao, neno "seedling" lina maana nyingine iliyobana zaidi, ni mti uliotoka kwenye mbegu TOFAUTI na uliobebeshwa. Mtu akisema Hass seedling kwa maana hiyo anakwambia kabisa huyu ni mtoto wa kokwa la Hass. Yule kaka alikula parachichi za Hass, au alizikuta zimeoza sokoni, akaotesha makokwa. Ni za Hass asilimia mia, kweli. Sijui kama alijua anachokisema au naye alikua hajui kama mimi, na nilipompigia namba haikupatikana. Ila yale maneno yaliniambia ukweli mimi ndo sikuusikia, na hilo liliniuma kuliko hela.

Na mtoto wa Hass sio Hass. Hapa naomba nikae kidogo maana ndo swali naloulizwa kuliko yote, watu wanasema mbona mahindi ya asili nikipanda yanaota hayo hayo, kwanini parachichi isiwe hivo. Ua la parachichi linafunguka mara mbili. La Hass linafunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. Kuna aina nyingine kama Fuerte zinafanya kinyume, jike mchana, dume asubuhi ya kesho yake. Kwahiyo saa ambayo ua la Hass linahitaji unga wa dume, yaani chavua, unga mwingi uliopo kwenye miguu ya nyuki ni wa mti mwingine, pengine ni wa mparachichi wa kienyeji wa kwa mama fulani pale mtoni. Tunda linalokuja nje ni Hass, maana nyama na ganda ni mwili wa mama. Kokwa la ndani ni mtoto wa wawili. Hata likipata unga wa Hass mwenyewe bado vile vilivyomo vinachanganywa upya, mtoto anatoka na sura yake. Ni kama watu, hakuna anayezaa akategemea kujizaa mwenyewe.

Michungwa ya Muheza kule inabebeshwa hivo hivo, juu ya limau. Ila jamii ya michungwa ina ajabu yake, mbegu moja inaweza kutoa vichipukizi viwili vitatu, na vingine ni mama mtupu hakuna baba ndani yake, ndo maana mtu anaweza kuotesha mbegu ya limau na akapata limau lile lile. Parachichi haina hiyo huruma.

Miti yangu sikuing'oa. Babu alinizuia, akasema mizizi ya miaka mitatu huwezi kuinunua. Tukaikata kwenye urefu wa kiuno, visiki vikachipua, tukachagua machipukizi mazuri mawili kwa kila kisiki, vikonyo nikanunua kwa jirani yangu yule yule, na nilimwambia wazi jinsi nilivyokua namuonea huruma na lile kovu, akanikumbatia. Hiyo kazi ndo iliyonifundisha kubebesha. Vya kwanza nilivyofunga kwa mkono wangu vilikufa karibu vyote, kisu kilikua butu na vikonyo niliviacha juani, nikarudia. Mtu wa kunifundisha alikua pale, miti ya kujifunzia ilikua mingi, na mpaka mwaka 2020 unaisha nilikua naweza kukata na kufunga mia kwa siku. Kitalu changu kimetokana na ile hasara, hilo silifichi.

Sasa nikiwa na kitalu ndo nikaanza kuona Kiswahili chenyewe nacho kinahitaji umakini. Mche tunauita mche bila kujali umetoka wapi, hata sabuni ndefu dukani ni mche. Chipukizi tunasema kwa kila kichanga mpaka watoto wa watu, lakini neno limetoka kwenye kuchipua, na kinachochipua mara nyingi kimetoka kwenye shina au kisiki au mgomba mama, sio kwenye mbegu. Na mbegu ndo usiseme, mtu anakwambia naenda kutafuta mbegu ya muhogo, anarudi na mti amebeba begani anaukata pingili, na mbegu ya viazi vitamu ni marando. Kwa wakulima wa huku mbegu ni chochote unachokiweka ardhini kikakupa kingine. Naona ni sawa kabisa, lugha imefuata kazi ya mikono. Ila ukiichanganya na Kiingereza cha lebo na cha matangazo, hapo ndo mtu anaumia, kwa sababu mgomba unaouchomoa kwa mama yake sio seedling, muhogo wa pingili sio seedling, mlingoti wa kloni uliotokana na kikonyo kilichooteshwa mizizi sio seedling japo umo kwenye kiriba na unaonekana hivo hivo. Msindano uliotoka kwenye mbegu, huo ni seedling kamili. Nyanya ya kwenye trei, kamili.

Na wenzetu Kenya na sisi pia siku hizi tunasema "grafted seedlings", kila tangazo liko hivo. Mtu wa kitabu atakwambia maneno hayo yanagombana. Mi sigombani nayo, kwasababu nimekuja kuona yana ukweli ndani yake, mti uliobebeshwa juu ni kikonyo cha Hass lakini chini, mizizi yote, ni seedling. Kuna wenzetu California na Afrika Kusini wanatumia mpaka mizizi ya kloni, lakini huku kwetu karibu kila Hass unayoiona imekalia mtoto wa kokwa la kienyeji. Na yule mtoto wa chini hajafa. Mteja wangu mmoja alinipigia ana furaha kwamba mti wake umetoa matawi mengi kutoka chini, nikamwambia tuma picha, nikaona yametoka chini ya kovu. Nikamwambia kaka, chukua kisu leo leo, hao sio Hass, ni yule wa kienyeji anataka nyumba yake. Ukimwacha anampita wa juu, miaka miwili una mti wa kienyeji na kijiti cha Hass pembeni.

Kuna hadithi ya hii Hass yenyewe ambayo nilipoijua nililia, sijui kwanini. Rudolph Hass alikua mgawa barua California. Miaka ya 1920 alipanda makokwa ili abebeshe Fuerte juu yake, maana Fuerte ndo ilikua na soko. Mche mmoja ukawa unakataa, unabebeshwa kikonyo kinakufa, unarudiwa kinakufa, mwisho wakauacha ukue unavyotaka. Ukazaa tunda la ganda gumu lenye mabonde mabonde, likiiva linakua jeusi, nyama yake ina mafuta. Akachukua hataza, yaani hati ya kuimiliki hiyo aina, mwaka 1935, na bado akaendelea kugawa barua, akafa 1952. Ule mti mama ulikufa kwa kuoza mizizi, ukakatwa 2002. Kila Hass iliyopo duniani, mpaka hizi za Njombe, ni kikonyo cha kikonyo cha kikonyo cha ule mti mmoja. Na ule mti ulikua ni nini? Ulikua seedling. Kokwa ambalo hakuna aliyemjua baba yake, lililokataa kubebeshwa. Kwahiyo kile kitu kilichonitesa mimi miaka mitatu ndo kilichoizaa hiyo Hass niliyokua naitafuta. Tofauti ni kwamba miche kama hiyo mingi sana imeota duniani ikatoa matunda ya kawaida tu au mabaya, mmoja ndo ukatoka hivo. Mtu mwenye eka moja na ada za shule hawezi kuishi kwa kusubiri huo mmoja.

Kwahiyo sasa hivi mtu akinipigia namuuliza unataka ya kupanda shambani uvune, au unataka ya kuja kubebesha mwenyewe. Akija namshikisha shina, namwambia tafuta kovu kwa kidole usitumie macho, kiganja kimoja hivi kutoka kwenye udongo, pale gamba linabadilika rangi na shina linakua na kigoti. Kama hana uhakika namkatia nailoni aone. Na ambayo haijabebeshwa naiuza pia, bei yake ya chini, lakini nimeiwekea upande wake na kibao nimeandika kwa mkono IMETOKA KWENYE KOKWA, HAIJABEBESHWA, herufi kubwa, kwa Kiswahili, hakuna seedling hapo. Kuna wateja wamesoma wakaondoka. Sawa tu.

Kule juu kwenye ile 120 kuna mmoja sikuubebesha. Ulikua kwenye kona karibu na mwamba, kisiki chake kilikua kimepasuka nikaona hakifai, nikauacha uchipue wenyewe. 2023 ukazaa mara ya kwanza. Tunda refu, shingo nyembamba, ganda laini la kijani hata likiiva, halifiki Makambako halijapondeka, hakuna kampuni itakayolichukua. Lakini ni tamu, lina harufu kama ya karanga, watoto wangu wanalipenda kuliko Hass, na mti wenyewe katika baridi zote haujawahi kuungua jani. Babu alionja akakaa kimya muda mrefu akasema mizizi ya mti huu ni ya kuitunza. Msimu huu nimekusanya makokwa yake hamsini na mawili, nimeyasia Jumamosi iliyopita, kitako chini, ncha imechungulia juu ya udongo.